Kiti cha Jikoni

Basi lilipoondoka, fundi cherehani alikuwa amekwisha kujua kuwa abiria aliyekaa kando yake ni mwalimu anayefundisha wanafunzi kuzungumza mbele za watu.

"Kumbe ndio nyinyi mnaowaambia watoto wazungumze na kiti kitupu!"

"Ndiyo, mzee wangu. Woga uwatoke."

"Binti yangu umemtoka. Kila jioni yuko jikoni na kiti cha marehemu mama yake. Anakisimulia mambo ya shule, anacheka, anakinung'unikia mpaka chai inapoa. Mimi nikiingia tu, 'Shikamoo, baba,' halafu ametulia kama maji mtungini. Natamani hata aninung'unikie mimi."

"Mzee umewahi kumkalisha ukamsikiliza?"

"Mara ngapi! Akianza tu, namwambia la kufanya."

Mwalimu alikohoa kidogo. Fundi akatazama dirishani, akakumbuka kicheko kile kinachosikika mlango ukiwa umefungwa.

"Hebu niambie, mwalimu. Hicho kiti kinamfanyia nini nisichoweza mimi?"

"Hakifanyi kitu, mzee wangu. Kinamwacha amalize."

Basi likasimama. Mwalimu akashuka. Kituo kilikuwa cha fundi pia, lakini alibaki amekaa, kimya, mikono magotini, kama anayejaribu kuwa kiti.