Bega Baada ya Nyongo

Siku ya nne tangu atolewe mfuko wa nyongo kupitia vitundu vinne vidogo tumboni, Mwalimu Felicitas alikuwa kwenye basi la kutoka Kibamba, akirudi kliniki. Bega lilimuuma mpaka akaamini mambo yameharibika. Alimweleza bibi aliyeketi kando yake.

“Mie nyongo walinitoa mwaka juzi,” bibi akasema. “Hiyo ni hewa waliyokujazia tumboni wakipasua, maumivu yake hupanda mpaka begani. Tembeatembea, itaisha. Dawa walizokupa unameza?”

“Nazibania, bibi. Navumilia.”

“Umemkosea nani mpaka uvumilie? Meza kwa saa zake.”

Felicitas alicheka, mara akalishika tumbo kwa uchungu. Basi likasimama kituoni kwake. “Ngoja kwanza nimuulize daktari.”

“Muulize, mwanangu, ila ukiwa umeshameza.”