Ndege wa Asali na Kitabu cha Mwalimu

Tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya pamba, ndani ya kamyo inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Mwalimu Zéphirin alikuwa anaenda likizo, na alikuwa ameshamwonyesha kila abiria kitabu alichokichagua kwa matembezi yake ya porini: ndege wa Kongo, picha za rangi. Mama Odile, mkulima, aliweka kidole kwenye picha moja.

"Huyu njo anatupelekaka kwenye asali. Tukiipata, tunamuachia kipande. Wameandika?"

Mwalimu alisoma ukurasa mara mbili. Mimi niliangalia barabara, kwa adabu.

"Wameandika urefu wa mkia tu. Lakini mama, kitabu kimetoka Ulaya!"

"Na kule Ulaya, huyu ndege anamuonyesha nani asali?"

Kamyo ilisimama. Mama Odile alishuka, akajitwika kikapu chake.

"Kesho ukuje kwetu, mwalimu. Lete na kalamu."