Mama Tabaka na Barabara Iliyopita Sebuleni Kwetu

Familia imeniomba nisimulie maisha ya huyu tuliyekuja kumsindikiza. Mimi ni wifi yake, dada wa mume wake, na mnajua wenyewe kwamba wifi hawezi kumsifia wifi yake bila kumchokoza kidogo. Ningemsifu mwanzo mpaka mwisho, yeye mwenyewe angejua karatasi hii imeandikwa na mtu mwingine.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi saa na mama yake mshonaji. Waliishi vyumba viwili nyuma ya karakana, watoto wakilala na kuamka kwa milio ya saa zisizokubaliana. Mama yake alipenda kusimulia kwamba binti huyu akitumwa dukani alirudi na njia mpya ya mkato lakini bila chumvi. Akiulizwa chumvi iko wapi, anajibu, "Lakini mama, umeona nilivyowahi?" Basi anatumwa tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi 1978. Hesabu zilimpenda, jiografia akaipenda yeye, na mengine yote yalivumiliana naye. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha upimaji ardhi. Wasichana walikuwa wawili darasa zima, na mwalimu mmoja alizoea kuwauliza kama wamepotea njia ya chuo cha ualimu. Alihitimu cheti cha uchoraji ramani mwaka 1981, na alama zake mwalimu huyo alizisoma mbele ya watu wote akiwa amevaa miwani vizuri.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika ofisi ya ramani ya halmashauri, ghorofa ya pili, chumba chenye meza za mshazari na taa za shingo ndefu. Siku hizo ramani ilichorwa kwa kalamu ya wino, na kosa lilikwanguliwa kwa wembe, polepole, maana mkono ukizidi karatasi inatoboka. Ndiko kaka yangu, fundi umeme, alikopelekwa kubadilisha swichi moja. Kazi ya saa moja ilimchukua siku tatu. Siku ya nne alirudi kuangalia kama ile swichi inaendelea vizuri, na hapo hata mlinzi wa mlangoni alishaelewa. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakakaa nasi katika nyumba ya Baba, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Kompyuta ya kwanza ililetwa ofisini kwao mwaka 1996, ikakaa imefunikwa shuka kwa sababu wakubwa walikuwa wanaiogopa. Aliyeifunua ni yeye. Alipelekwa mafunzo ya miezi sita, na aliporudi hakuna aliyemshika tena. Mwaka 2000 alifungua darasa la Jumamosi la ramani za kompyuta kwa watu walioko kazini: wahandisi, mabwana afya, mawakili wa ardhi, mafundi wa maji, watu wenye vyeo na mvi zao, ambao wiki nzima walikuwa wakitoa amri na Jumamosi wanaulizwa kwa nini wameshika kipanya kama nyundo.

Aliwaeleza kwamba ramani ya kompyuta ni karatasi nyingi angavu zilizolazwa moja juu ya nyingine. Moja ina nyumba, nyingine ina njia, nyingine mabomba. Kila karatasi ni tabaka. Ukilihitaji unaliwasha, likikuzuia kuona unalizima. "Washa tabaka, zima tabaka," ndio ulikuwa wimbo wake, mpaka wakambatiza Mama Tabaka. Mhandisi mmoja, mtu mzito kabisa, aliwahi kugeuza zile namba mbili zinazoonyesha mahali, ya kwanza akaiandika ya pili, na ofisi yake ikatokea katikati ya bahari. Mama Tabaka akaitazama akasema, "Mhandisi, Jumatatu usisahau boya." Mhandisi huyo yupo hapa, nimemwona, na mpaka leo tunamwita Nahodha.

Alikuwa na sharti moja ambalo alilirithi kwa mama yake: mshonaji hajifunzii kwenye kitambaa cha mteja. Kwa hiyo darasa lake halikujifunza kwa mtaa wa watu wengine. Lilijifunza kwa mtaa wetu.

Hapa lazima nirudi nyuma. Mtaa wetu ulikuwa wa vichochoro, nyumba zimebanana, gari linaishia barabara kuu. Mwaka 2003 mama yetu alizidiwa wakati wa mvua. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, nasema kweli, lakini lilisimama kule juu, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Tuliung'oa mlango wa mbele, tukamlaza juu yake, tukambeba kwa mabega kwenye matope. Tulipofika kwenye gari mama alikuwa ameshatutoka. Baba aliurudisha ule mlango kwenye bawaba kwa mikono yake, lakini haukukaa sawa tena. Ili ufunguke ilibidi uunyanyue kidogo.

Mwaka 2007 kamati ya mtaa iliambiwa na halmashauri kwamba ikileta mchoro wa barabara, itachongewa. Kamati ikamwendea Mama Tabaka, naye akalipatia darasa mtihani: gari la wagonjwa lifike nyumba ya mwisho kabisa, na zibomolewe nyumba chache kadiri inavyowezekana. Jumamosi ya kwanza wanafunzi walikuja kupima vichochoro, wakanywa chai kwetu, wakasifia viti vya Baba. Wote walikuja, isipokuwa wakili mmoja aliyekuwa na kesi.

Matokeo yake alinisimulia Nahodha. Barabara zote zilitoka barabara kuu zimenyooka vizuri, zikakaribia kwetu, zikapinda. Zilizunguka nyumba ya mwalimu kwa heshima zote, kisha zikapanda juu ya nyumba nne za majirani. Barabara moja tu haikupinda, ya yule wakili. Iliingia kwetu kwa mlango wa mbele, ikapita katikati ya sebule, ikatokea jikoni, na haikugusa nyumba nyingine hata moja.

Mama Tabaka alisimama mbele ya darasa akawaambia, "Adabu yenu imebomoa nyumba nne." Wakili ndiye aliyepata alama za juu. Alipogundua sebule ile ni ya nani, alimfuata mpaka nje, jasho linamtoka.

"Mwalimu, mimi sikujua. Nifute?"

"Ukifuta nakufelisha."

"Lakini ni kwako!"

"Wakili, kwenye tabaka la nyumba umeona limeandikwa jina la mtu?"

Ni rahisi kusema hivyo darasani. Nyumba ile Baba, aliyekuwa mwashi, aliijenga tofali kwa tofali, akitoka kazini anaanza kazi nyingine. Humo tulizaliwa sote. Na huyu alikuwa mkwe, si mtoto wa kuzaliwa. Angepeleka halmashauri mchoro mmojawapo uliopinda na hakuna ambaye angemuuliza. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Yeye kucheza kwao kulikuwa kunataka kumgharimu nyumba.

Jumapili ile aliutandaza mchoro mezani kwa Baba. Mimi nilikuwepo, na nilikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Wifi, uliolewa hapa ili uje utubomolee?"

"Wifi, nimekuja kumwuliza Baba. Sijaja kumwambia."

Baba akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hii nyekundu ndiyo sisi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hizi nne za pembeni?"

"Hizo ni za majirani. Ndizo zitakazoondoka tukipinda."

"Usipopinda?"

"Sisi peke yetu, Baba. Na ukisema hapana, nitaichana hii, na neno halitatoka humu ndani."

Baba aligeuka akautazama mlango wa mbele. Kaka yangu alikuwa anatazama sakafu. Kisha mzee akasema, "Kila asubuhi naunyanyua mlango ule ndipo nitoke. Kila asubuhi namkumbuka mama yenu. Pelekeni mchoro. Ila mlango wangu msiuguse, nitauondoa mwenyewe."

Nyumba ilibomolewa Juni 2008, na barabara ikamalizika mwaka uliofuata. Baba na kaka yangu walijenga nyingine ndogo kwenye kipande cha kiwanja kilichobaki nyuma, pembeni mwa barabara, na mlango wa mbele ukawa ule ule. Fundi seremala alitaka kuurekebisha, Baba akamkatalia. Mimi nilimnunia wifi yangu mpaka mvua za mwaka uliofuata na sioni kosa langu, maana nyumba uliyozaliwa haibomolewi ukapiga makofi. Yeye hakunibembeleza. Halafu siku moja binti wa jirani alishikwa na uchungu, gari likaingia, likapita mbele ya dirisha letu, likamchukua likaenda. Nilimtazama wifi, naye akanitazama. Nikaenda kuchemsha chai, nikamimina vikombe viwili.

Alistaafu Mei 2021, lakini darasa la Jumamosi aliliendeleza mpaka afya ilipokataa. Mwaka 2022 madaktari walisema figo zake zimechoka. Tangu hapo alikuwa anakwenda kusafishwa damu kila wiki, na gari la hospitali lilimchukua mlangoni. Siku moja nikamwambia, "Kumbe barabara hii ulijichorea mwenyewe, mchoyo wewe." Alicheka mpaka kaka yangu akatugombeza sote wawili. Akasema, "Wifi, ulidhani nyumba ya mwisho ni ya nani?" Nampenda sana wifi yangu. Nilikuwa namwambia kwa kumtania, leo naomba nitamke wazi.

Alifariki Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024, saa tatu asubuhi, saa aliyozoea kufungua darasa. Kaka yangu alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti mmoja muuguzi, wavulana wawili, mmoja mpima ardhi na mwingine fundi umeme kama baba yake, pamoja na wajukuu watano. Ameacha kaka wawili na dada wawili. Amemwacha baba mkwe wake, aliyekula chumvi nyingi, miaka tisini na miwili, ambaye hakuwahi kumwita mkwe. Amewaacha wanafunzi wengi kuliko viti vya hapa, akiwemo Nahodha, na wakili wetu, ambaye leo amewahi kufika kuliko wote. Na ameniacha mimi, bila mtu wa kumchokoza.

Asubuhi ya leo gari lililomleta nyumbani halikuuliza njia kwa mtu. Dereva aliifuata ramani kwenye simu yake, akashuka kutoka barabara kuu, akapita pale palipokuwa sebule yetu, akasimama mbele ya nyumba. Vijana walitaka kwenda kufungua. Baba akawazuia kwa mkono, akaenda mwenyewe kwa fimbo yake, akaunyanyua mlango kidogo, ukafunguka.

Umefika, wifi. Sasa pumzika kwa amani.