Mama Som, Mpishi wa Misiba wa Ban Pa Kluai

Marehemu Chansom Wongsaen, ambaye wilaya nzima ilimwita Mama Som, alizaliwa tarehe 12 Machi 1964 hapa Ban Pa Kluai, mkoa wa Phayao, mtoto wa mwisho wa wakulima wa mpunga. Alisoma hapa hapa kijijini hadi darasa la nne. Mwalimu alimtoa nje mara nyingi kwa ubishi, naye akaendelea kubishana kupitia dirisha.

Dada yake, Buaphat, alimfundisha kupika tambi za mchele, akawa anaziuza sokoni. Mwaka 1985 aliolewa na Inthon, dereva wa lori. Walijaliwa binti mmoja, Duangta.

Inthon alifariki kwa UKIMWI mwezi Julai 1993. Tunataja ugonjwa kwa jina lake, maana marehemu hakupenda mambo ya kufunikafunika. Kwetu msiba ni kupika na kula pamoja mpaka siku ya kuchoma maiti. Safari ile majirani walikaa, wakanywa soda za chupa, wakaondoka. Chakula chote cha mjane kililiwa na nguruwe. Mama Som alipopima, naye akakutwa na virusi. Alilia sana, kisha akafuta uso na kumwambia dada yake, "Basi! Kuanzia leo nitapika kila msiba, waniite wasiniite."

Na alipika kweli. Alianzisha kikundi cha wanaoishi na virusi, wakawa wanaogesha wagonjwa waliotelekezwa na ndugu zao. Miaka hiyo dawa za kufubaza virusi zilikuwa za wenye nazo, na wenzake wengi mno walikufa mikononi mwake. Zilipotufikia, mwaka 2003, alikuwa wa kwanza kumeza, akawafuata wengine hadi mashambani. "Umemeza? Hebu fungua mdomo nione! Sikukuogesha wewe ili uje ufe kwa uvivu."

Msiba mmoja, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kham, alimvuta pembeni.

"Dada Som, nyinyi leteni biskuti za pakiti tu. Watu wanaogopa."

"Wanaogopa nini, kaka? Kwani virusi vinaogelea kwenye mchuzi? Kaa hapo."

Akampakulia bakuli, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Mzee Kham alikula huku jasho likimtiririka, kisha akaomba la pili. Lakini wako walioendelea kuja misibani wameshiba kwao, na wengine mpo hapa leo. Jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. UKIMWI haukumuweza. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Juni, akiwa na miaka sitini. Siku chache kabla, alimwagiza Duangta: "Wapike wenzangu wa kikundi. Na moto wa kunichoma usiwashwe kabla watu hawajala."

"Wakikataa je, mama?"

"Nitawasubiri. Mimi nitakuwa na haraka gani?"

Ameacha dada yake Buaphat, binti yake Duangta, mkwe wake Wirat, wajukuu wawili na kikundi kizima kilicho hai kwa sababu yake.

Vyungu viko tayari kwenye banda la hekalu. Wanakikundi wamepika kwa mikono yao wenyewe. Karibuni mle, jamani. Mama Som anawasubiri. Tukishakula, ndipo apumzike kwa amani.