Aliyevishwa Nishani za Wengine

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu, naomba mkae. Viti vipo vya kutosha, na marehemu hakupenda kumwona mtu amesimama karibu na kiti kitupu. Mimi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Nimeishi nyumbani kwao tangu nilipofiwa na mume wangu, kwa hiyo mengi ninayosoma nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimesimuliwa mara nyingi hadi nayajua kuliko yangu mwenyewe. Mtanivumilia nikisoma polepole. Wiki hii nyumba yetu haikulala vizuri.

Jina kamili la marehemu liko kwenye jalada la programu mliyoshika. Lisomeni vizuri, tutalihitaji mwishoni. Wengi wetu tulimwita Mzee Kibanio, na sababu yake itakuja. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi viatu na mama aliyeshona magunia. Walikaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mpaka uzeeni alisema kwamba akinusa sabuni ya mche anasikia njaa, kwa sababu king'ora cha kiwanda cha saa saba mchana ndicho kilichowaita kula.

Alianza shule Januari 1957 na kumaliza darasa la saba mwaka 1963. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alichojulikana nacho ni kusimama bila kutikisika. Asubuhi mwalimu wa zamu alimweka mbele kama kigingi, wenzake wakajipanga nyuma yake, na mstari ukanyooka. Siku ya kufunga shule waliofaulu waliitwa kupewa zawadi, na kila zawadi ilipita karibu na pua yake. Nyumbani mama yake akamuuliza, "Na wewe wamekupa nini?" Akajibu, "Mimi nilikuwa mstari." Tulicheka kila aliposimulia. Siku hizi nikikumbuka sioni cha kuchekesha.

Baada ya shule alibeba mizigo sokoni, akajifunza useremala kidogo, kisha tarehe 2 Juni 1972 akaajiriwa na ofisi ya serikali inayoandaa sherehe za kuwatunuku wananchi. Aliajiriwa kwa ajili ya viti: kuvishusha kwenye lori, kuvipanga, kuvipangusa, kuvikunja. Wenzake wa ofisini mliopo hapa mnajua kwamba kiti cha mgeni rasmi alikikalia yeye kwanza, akajitikisa mara mbili, ndipo akakipitisha. Alisema serikali inaweza kuanguka kwa mambo mengi lakini haitaanguka kwa kiti chake.

Kazi iliyomfanya ajulikane haikuandikwa kwenye barua ya ajira. Kila mwaka ofisi ile iliwaita watu waliofanya jambo kubwa: mkunga aliyezalisha kwa miaka arobaini, zimamoto aliyeingia kwenye moto kumtoa mtoto, bibi aliyefikisha miaka mia, mume na mke waliotimiza nusu karne ya ndoa. Siku moja kabla ya sherehe huwa kuna mazoezi, na siku hiyo wenyewe bado wako njiani. Sasa msaidizi wa mgeni rasmi atajuaje pa kumpitisha mkubwa wake? Mkuu wa ofisi akatazama huku na huku, akamwona kijana wa viti amesimama pembeni kama alivyozoea. Akamwambia, "Hebu njoo uwe hawa watu."

Akawa hawa watu kwa miaka thelathini na zaidi. Alikuwa mkunga, akawa zimamoto, akawa bibi wa miaka mia na wala hakuombwa kukunja mgongo. Kwa wale wenzi wa ndoa alipeana mkono mara mbili, kwanza kama mume, halafu kama mke. Jina lilisomwa, yeye akatoka, akavishwa, akarudi kwenye nafasi yake. Na kwa kuwa siku ya mazoezi uwanja ni mtupu, mshereheshaji hutamka tu neno "Makofi," kisha husoma jina linalofuata. Shemeji alilisikia neno hilo maisha yake yote ya kazi. Makofi. Makofi. Na hakuna aliyepiga.

Nishani zenyewe zilifungiwa kwenye kasha la chuma mpaka siku ya sherehe. Kwenye mazoezi walimvisha pini tupu, na pini ilimchoma. Wakati huo dada yangu alikuwa akifua kwa dobi aliyepewa vitambaa vya meza vya ofisi ile. Kijana wa viti alipokuja kuvichukua, akaomba kibanio kimoja cha nguo.

"Cha kubania nini?" dada akamuuliza.

"Nishani."

"Wewe una nishani?"

"Sina. Nafanyia mazoezi."

Dada alidhani mtu huyu akili zimemruka kidogo, akampa ili aende zake. Kibanio hakikurudi. Dada si mtu wa kuacha chake, akakifuata mpaka uwanjani, akamkuta jamaa amesimama juani, kibanio kifuani upande wa kushoto, na mshereheshaji anasoma jina la mama mmoja mfuma vikapu. Alisahau kilichompeleka. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu. Nawaambia wanandoa vijana mliopo hapa, katika ugomvi wao wote, mkubwa kwa mdogo, sikuwahi kumsikia dada akimaliza bila kusema, "Na kibanio changu mpaka leo hujarudisha."

Msidhani alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Kazi ile aliipenda. Asubuhi ya sherehe ndiye aliyewapokea wenyewe mlangoni na kuwaelekeza wasimame wapi, watazame wapi, mkono upi watoe. Mwaka mmoja mkunga mmoja mzee alitetemeka vibaya nyuma ya jukwaa, akasema afadhali arudi kwake, yeye ni mtu wa wodini, hakuzoea kutazamwa. Shemeji akamsogezea kiti, akamwambia, "Mama, usiogope. Yako nilishaipokea jana. Haiumi." Yule mama akacheka, akafuta macho, akatoka. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Shemeji alirudi nyumbani siku hiyo akatueleza makofi yale yalivyokuwa, kama mtu anayesimulia mvua.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2009, na mwaka huo jina lake likawekwa miongoni mwa watakaotunukiwa nishani ya utumishi mrefu. Siku ya mazoezi alisimama kama kawaida kwa niaba ya wote. Jina likasomwa, akatoka, akabanwa kibanio, akapeana mkono, "Makofi," akarudi. Alipofika kwenye nafasi yake ndipo akashtuka. "Jamani, huyo si mimi?" Akaomba warudie. Hawakurudia, mazoezi yalikuwa yamechelewa.

Kesho yake dada alivaa gauni jipya la bluu. Tulikaa safu ya nyuma, juani. Mgeni rasmi alichelewa sana, hotuba zikafuatana, na mawingu yakaanza kukusanyika. Walianza na wakubwa, wakaja wa kati, na watu wa utumishi mrefu walikuwa wa mwisho. Wakiwa bado wengi, mshereheshaji akatangaza kwamba kutokana na muda, waliobaki watachukua nishani zao ofisini. Bendi ikapiga, magari yakaondoka. Nilimtafuta shemeji kwa macho. Nilimwona amevua koti la suti, amelitundika kwenye nguzo ya turubai, anakunja viti. Hakuna aliyemtuma. Mikono yake tu ilikuwa imezoea hivyo. Alikunja safu baada ya safu mpaka akafika kwetu, na dada hakuinuka.

"Nyanyuka, mke wangu, mvua inakuja."

"Hiki hukunji," dada akamwambia.

Shemeji akaketi chini kwenye majani karibu na miguu ya dada, na mvua ikatukuta pale pale.

Nishani ilikuwepo dirishani pale ofisini, ya kuchukuliwa kwa kutia sahihi. Mimi nilikuwa wa kwanza kumwambia, "Shemeji, kaichukue, yaishe." Akanijibu, "Nishani si sukari, nikapange foleni. Nishani mtu huvishwa." Nikamwambia asiwe mgumu. Hapo akanieleza, na ni mara moja tu alinieleza. "Sitaki kile chuma. Nataka dada yako asikie jina langu likisomwa, na watu wapige makofi ya kweli. Mara moja tu inanitosha."

Ofisi ikamwahidi mwaka unaofuata. Ulipofika, ikamwahidi mwingine. Mara sherehe imepunguzwa kwa kukosa fedha, mara mkuu mpya hajapitia majina, mara mwaka huu ni wa wanamichezo. Kila mwaka alipiga pasi suti ile, kila mwaka ikarudi kabatini. Danadana hizo zilituchosha sisi kuliko yeye. Yeye alikuwa hodari wa kusubiri, alisomea kazi hiyo tangu shuleni. Dada aliacha kuuliza. Alikuwa anaitundika tu suti kwenye henga.

Mwaka 2017 miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni moyo. Alilazwa mara ya kwanza Februari 2018, akatoka, akalazwa tena. Mtu aliyesimama maisha yake yote alishindwa kusimama hata kumfungulia jirani mlango. Tulimnyanyua mimi na dada, mmoja huku, mmoja huku, na alituomba radhi kila mara mpaka tukamkataza.

Ndipo dada akaenda mwenyewe ofisini kuomba waje wamvishe nyumbani. Tulikwenda wote. Afisa aliyetupokea ni binti mwenye adabu, simlaumu. Alituketisha, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mama, poleni sana. Lakini taratibu zinasema anayevishwa awe amesimama, na iwe hadharani."

"Hawezi kusimama, mwanangu."

"Basi ateuliwe mtu wa kusimama kwa niaba yake. Hilo linaruhusiwa."

"Ofisi hii ilikuwa na mtu mmoja tu wa kazi hiyo," dada akasema. "Na ndiye huyo anayeumwa."

Tulipomsimulia shemeji alicheka mpaka akakohoa, na dada akamgombeza kwa kucheka hivyo akiwa mgonjwa, ilhali ni yeye mwenyewe aliyemchekesha. Kilikuwa kicheko chake kikubwa cha mwisho. Halafu dada akasema, "Nitasimama mimi." Akajibu, "Magoti yako?" Dada akasema, "Magoti yangu yatajua yenyewe." Ofisi ikakubali, ikapanga tarehe 23 Septemba 2019. Wakaanza mazoezi chumbani. Shemeji kitandani anasoma jina lake mwenyewe, dada anatoka kwenye kona ya kabati, hatua mbele, mkono, kurudi. "Unatazama chini," alimwambia. "Tazama watu." Nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Sikutaka kuingia kuwaharibia.

Alifariki tarehe 19 Septemba 2019, asubuhi, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sabini. Dada alikuwa anamfunga vifungo vya shati. Tulipopiga simu ofisini kuwaarifu, walitupa pole, kisha wakatueleza kwamba nishani za marehemu zina utaratibu wake na orodha yake, na zitafikiriwa mwakani. Dada aliwashukuru, akaweka simu mezani. Akasema, "Basi. Nimechoka." Na mimi nimechoka. Hatutakwenda tena.

Amevaa suti ile ile. Kifuani kushoto dada ameweka kibanio, na amesema deni hilo amelifuta.

Marehemu ameacha mjane, ambaye ni dada yangu, watoto watatu, yaani binti yake mkubwa ambaye ni muuguzi, wa kati ambaye ni fundi umeme, na kitindamimba ambaye ni dereva wa lori, wakwe, wajukuu saba, dada yake mmoja, na mimi shemeji yake, niliyemtania miaka yote hiyo naye asikasirike hata siku moja.

Sasa nina ombi moja, na si langu. Najua msibani watu hawapigi makofi. Dada yangu anajua pia. Lakini atasimama sasa hivi, hapa mbele, na magoti yake hayo hayo, kwa niaba ya mumewe. Binti yao mkubwa atasoma jina lililo kwenye jalada. Kisha mimi nitatamka lile neno alilozoea kulisikia, na safari hii tusimwachie neno tupu.

Shemeji, umesimama vya kutosha. Pumzika kwa amani.

Makofi.