Rogath Hayward na Sale la Kibosho

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni, hata kama mtoto yuko mgongoni na ndizi ziko jikoni. Leo tunamkumbuka Rogath Hayward wa Pasua, kule chini mjini, mwongoza watalii. Ndiyo, Rogath Hayward. Mchagga wa Kibosho mwenye jina la Kiingereza.

Jina lilitoka wapi? Babu yake, Filemon Kimario, alichunga ng'ombe wa mlowezi mmoja Mwingereza. Watu wakamwita Filemon wa Hayward. Wanawe walipobatizwa, wakaandikwa Hayward. Jina la ukoo likadondoka hivyo. Ndugu zake wakasema amewatukana.

Rogath akarithi jina pamoja na ugomvi wake. Siku moja huko mlimani, mtalii mmoja, bibi wa Kiingereza, akamweleza asili ya jina hilo. Zamani vijijini kwao, hayward alikuwa mlinzi wa ua wa mashamba, asiruhusu ng'ombe kuingia kwenye mazao. Kazi ikawa jina, jina likarithiwa. Rogath alirudi nyumbani anacheka. "Dominika mwanangu, kumbe hata Wazungu walikuwa na mtu wa kulinda masale!"

Masale, mimea ile ya majani marefu, ndiyo mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo ya migomba. Tunayapanda hata makaburini. Na ukiletewa jani la sale limepigwa fundo, umeombwa msamaha. Kulikataa ni mwiko.

Rogath alifariki ghafla, kwa kifua. Alikuwa na ombi moja tu: azikwe kihambani, Kibosho. Binti yake, Dominika, hakulia. Alikunja mashati ya baba yake, akayakunjua, akayakunja tena. Chai ikapoa mbele yake. Mzee Sylvanus Kimario, mkuu wa ukoo, alikwisha kujibu kwa simu: "Huyo ni Hayward. Mkamzike kwao London."

Asubuhi Dominika akambeba mwanawe mgongoni. Akakata jani la sale uani, akalipiga fundo, akapanda Kibosho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kama ni habari ya kaburi, mrudishe mtoto kabla ya mvua."

Akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Mzee akalitazama tu.

"Umeliokota njiani hilo?"

"Limetoka hapa, babu. Siku ile ulipomfungia baba geti, alikata kitawi kwenye ua wako. Akakipanda Pasua. Wakati wa kiangazi alikimwagilia maji aliyoogea."

Bibi Flavia, mke wa mzee, akapaza sauti toka jikoni: "Sylvanus, pokea! Au unataka kufa umeshika geti?"

Mzee akalipokea. Akachukua jembe, akaenda kusafisha mahali chini ya migomba.

Rogath amezikwa Kibosho, wasikilizaji. Kibosho, kihambani. Msalabani wameandika Rogath Hayward Kimario. Mzee mwenyewe ndiye aliyetaka majina yote mawili yakae. Na juu ya kaburi wakapanda sale lililotoka Pasua. Limerudi kwao.

Dominika bado hajalia. Anasema mwili umekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. "Lakini ninajua baba alipo," anasema, huku akimpangusa mtoto pua.

Pole, Dominika. Poleni akina Hayward na akina Kimario, ambao sasa msiba wao ni mmoja. Mungu awafariji taratibu, asiwaharakishe.

Nawe unayesikiliza, kama kuna ndugu uliyemfungia geti, lifungue leo. Lifungue angali anaweza kuingia kwa miguu yake.