Basi la Leipzig

Asubuhi hiyo benchi la nje ya duka la mikate, jirani na stendi ya mabasi ya Wrocław, lilikuwa na watu wake walewale. Ostap, fundi wa kuchomelea kutoka Kharkiv, Ukraine, waliyembatiza Wakili kwa ubishi wake, alikuwa ameshika chupa ya kahawa. Pembeni alikaa Mama Klavdia, jina la kijiweni Redio. Katikati yao alikuwa Zoryana, begi kalibana kwa miguu. Mama yake alikuwa amelazwa Leipzig, Ujerumani, akisubiri kupasuliwa moyo, peke yake, hata kuomba maji kwa Kijerumani hajui. Basi lilikuwa linaondoka adhuhuri, na Zoryana alikuwa bado hajakata shauri. Huku Poland alikuwa na hifadhi ya muda ya wakimbizi wa vita, kazi ya kufundisha piano na ufunguo wa chumba. Akivuka mpaka, je?

— Ukivuka tu, huku wanakufutia hifadhi, — alisema Wakili.

— Si nitaandikishwa kule? Hifadhi ni ileile.

— Ileile kwa ambaye hana. We unayo. Watakuuliza, dada, kwetu umefuata nini?

— Nimemfuata mama.

— Mama si kibali.

Zoryana akapokea kikombe alichomiminiwa na Wakili. Kahawa ikamwagika kidogo kwenye goti, akajifanya hakuona.

— Na heri wangemuuliza! — Redio akadakia. — Kuna mwanamke kaandika kwenye simu, wala hakuulizwa. Kabebwa moja kwa moja mpaka kwenye uwanja wa ndege wa zamani, analala hemani na baridi hii.

— Kaandika nani? — Zoryana akauliza.

— Mtu wa kuaminika. Kaweka picha ya maua.

— Basi aombe kibali cha kazi, — Wakili akasema. — Sisi wachomeleaji wanatupokea kwa mikono miwili.

— Mimi mwalimu wa muziki, Ostap.

— Aa, hapo umekwama.

— Aolewe! — Redio akapiga paja. — Kizee kimoja cha Kijerumani, kibogoyo, kibali mezani!

— Mume wangu yuko vitani, Mama Klavdia.

Redio akaziba mdomo kwa kiganja. — Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu huu!

Wakili akasogea, akashusha sauti kama vile kuta zinasikia.

— Mnajua wanachosubiri? Alama zetu za vidole wanazo, nchi zote. Hifadhi ikiisha, siku moja itapigwa kengele Ulaya nzima. Kila mmoja wetu kwenye treni ya kurudishwa kwetu, kwaheri.

Zoryana akashika ufunguo mfukoni mpaka meno ya ufunguo yakamuuma kiganjani. Alishawahi kukimbia nyumba moja na begi moja. Hakuwa na hakika kama ataweza tena.

Mzee mmoja aliyekuwa amesimama kando na mbwa wake, mgeni aliyefika juzi tu kutoka Sumy, akakohoa.

— Samahanini, ndugu zangu. Nami nataka kumfuata binti yangu hukohuko. Kati yenu, nani ameshavuka akarudishwa?

Wakili akatazama ndani ya kikombe. Redio akafungua simu, akaifunga. Chupa ilipoinamishwa, yalitoka matone tu.

Simu ya Zoryana ikaita.

— Usije, — mama yake alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka nyuma ya mlango. — Wodini hapa wanasema utapoteza kila ulichonacho. Mimi nitajikaza.

Zoryana akahisi mzigo unamshuka mabegani. Amepewa ruhusa ya kubaki! Na nafuu hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko mahema, kuliko treni na kengele za Wakili.

— Nimeshapanda, mama.

— Umeshapanda?

— Basi limeshaondoka. Siwezi kushuka tena.

Kule ng'ambo mama akaanza kulia polepole, kilio cha mtu aliyekuwa anakizuia siku nyingi.

Basi lilikuwa bado limesimama pale stendi, mlango wazi, dereva anavuta sigara. Wakili akainuka, akalitwaa begi na kulitupia begani.

— Twende, dada, — alisema, bila kumtazama machoni. — Twende kabla hujawa mwongo.

Zoryana akamfuata.